Duka la nyavu la Kirumba na simu iliyo mfukoni mwangu

Mwezi Machi mwaka jana shemeji yangu, ambaye ana mtumbwi mmoja katika mwalo (bandari ya wavuvi) wa Igombe, aliniomba nimtafutie pisi kumi za wavu wa sangara, inchi 7 (ukubwa wa jicho, yaani tundu la wavu), plai 12 (unene wa uzi), macho 26 kwenda chini. Aliniomba mimi kwa sababu ninafundisha, ninashinda na simu mkononi, na alikuwa amesikia kwamba nyavu za mtandaoni ni za bei nafuu kuliko za mjini. Niliperuzi kwa siku tatu, nikapata ukurasa wenye picha nzuri na wafuasi wengi, tukakubaliana bei ambayo ilikuwa chini ya bei ya Mwanza kwa karibu robo nzima, nikatuma fedha kwa simu, na baada ya siku tano nikapokea mzigo uliotumwa kwa basi kutoka Dar es Salaam.

Kabla ya kumpelekea shemeji nilipitia katika duka la zana za uvuvi lililo Kirumba, si mbali na soko la Mwaloni, ambako nimekuwa nikinunua ndoano na nailoni tangu nilipohamia mjini. Mzee mwenye duka alipokea salamu yangu, akaomba kuuona mzigo, akaufungua juu ya meza na kuushika uzi kati ya vidole viwili bila kusema neno. Kisha akachukua ncha ya uzi na kujaribu kuufumua. Haukufumuka. Uzi wa wavu halali hufumuka na kuwa nyuzi nyingi nyembamba zilizosokotwa pamoja, lakini ule ulikuwa uzi mmoja mgumu, unaong'aa kama kioo.

"Mwalimu, hii ni timba," akasema. "Usiishushe mwaloni."

Nilikuwa ninajua neno timba kama mtu yeyote anayeishi kando ya ziwa hili, na ninajua kwamba nyavu hizo zimepigwa marufuku chini ya Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya mwaka 2003 na Kanuni zake za mwaka 2009. Nilichokuwa sijui ni namna ya kuitambua kwenye picha, kwa kuwa kwenye simu wavu wowote mweupe hufanana na mwingine, na maelezo yaliyoandikwa chini ya picha yalitaja nguvu, urefu na bei, huku yakiacha jambo moja ambalo kwa mvuvi wa Ziwa Victoria ndilo la kwanza kuulizwa: kama uzi ni wa kusokotwa au ni uzi mmoja. Nilipopiga ile namba ya muuzaji haikupatikana tena. Shemeji na mimi tulizipeleka nyavu zile katika ofisi ya uvuvi tukazisalimisha, na hasara tukagawana nusu kwa nusu, jambo ambalo mpaka leo sijamaliza kumwomba radhi dada yangu.

Ninaanza na kisa hiki kwa sababu ndicho kilichonifanya nifikiri kwa makini kuhusu mahali tunaponunulia zana zetu na mahali tunapochukulia ushauri. Sisemi kwamba mtandao umejaa matapeli na maduka yamejaa waungwana. Yule muuzaji huenda hata hakukusudia kunitapeli, kwa maana timba huuzwa wazi katika nchi nyingine, na video zinazoisifu zimejaa: haionekani majini, ni nyepesi, inakamata zaidi. Yote hayo ni kweli, na ndiyo yaliyosababisha ikatazwe kwetu. Ni rahisi, kwa hiyo mvuvi haoni uchungu kuitupa ikichanika. Hukatika mapema, kwa hiyo vipande vyake hubaki majini. Na vikishabaki majini huendelea kunasa samaki ambao hakuna atakayewavua. Mtu aliyerekodi video yake kwenye maji mengine hana wajibu wa kuyajua hayo. Mzee wa Kirumba anao, kwa sababu wavu aliouuza ukikamatwa, mvuvi atarudi kwake kesho asubuhi na kusimama mbele ya meza ileile.

Hapo ndipo ninapoona tofauti iliyo kubwa kuliko bei. Ushauri wa dukani hurudishiwa matokeo yake. Mvuvi hununua ndoano mia mbili Jumatatu, na Alhamisi anarejea akiwa na habari: zimenyooka, au zimeshika, au sangara wamehamia kina kingine baada ya upepo. Mwenye duka husikia habari hizo kutoka kwa watu wa Ukerewe, wa Kome, wa Sengerema na wa Igombe katika wiki moja, na anachomwambia mteja wa Ijumaa kimeshachujwa na wote waliotangulia. Anayetoa ushauri kwenye skrini hupokea pongezi nyingi, lakini ni mara chache sana husikia kilichotokea kwa mtu aliyemtii akiwa katika Ghuba ya Mwanza saa nane usiku.

Chukua mfano wa uzi usioonekana majini. Kwa miezi kadhaa nilishawishika na wavuvi wa fimbo wa Marekani na Ulaya kwamba siri ya kumpata samaki mwenye hila ni kutumia uzi mwembamba unaopotea machoni, ambao bei yake ni mara tatu au nne ya nailoni ya kawaida. Nikaagiza. Nilivua nao kwenye miamba ya upande wa Bwiru kwa majuma mengi na sikuona tofauti yoyote, hadi nilipomwuliza mzee, naye akaniuliza swali moja: maji ya hapo unaona chini kwa kiasi gani? Ghuba yetu ni ya kijani au ya udongo kwa sehemu kubwa ya mwaka. Watafiti waliowachunguza furu, samaki wadogo wa Ziwa Victoria, walionyesha mwaka 1997 kwamba maji yaliyochafuka huwafanya samaki hao washindwe kutambuana kwa rangi wakati wa kuzaana. Ikiwa furu hamwoni vizuri mwenzake aliye karibu naye, mimi nilikuwa ninalipia kitu gani nilipoununua uzi ule? Waliousifu hawakudanganya. Walikuwa wakizungumzia mito na maziwa ambayo mtu huhesabu kokoto zilizo chini.

Ndoano nazo zinahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu hapo ndipo wanunuzi wengi wa mtandaoni hupotea. Namba za ndoano huenda kinyume na akili ya kawaida: namba 10 ni ndogo kuliko namba 6, na namba 6 ni ndogo kuliko namba 1, kisha baada ya hapo hesabu hugeuka, na 1/0 hufuatwa na 2/0, 3/0 na kuendelea, kila moja ikiwa kubwa kuliko iliyotangulia. Mgeni anayeagiza namba 12 akidhani ataletewa ndoano ya sangara atapokea vitu vya kuvulia samaki wa kiganja. Tena viwanda havilingani, kiasi kwamba namba 8 ya kiwanda kimoja yaweza kuwa na uwazi mpana kuliko namba 8 ya kingine. Kampuni ya Mustad ya Norwei imetengeneza ndoano tangu karne ya 19, na jina lake limezoeleka mno mialoni kiasi kwamba wapo waigaji wanaoliandika kwenye boksi za ndoano zisizotoka huko. Dukani mzee huichukua ndoano moja, akaikaza kwenye ukingo wa meza na kuivuta kwa koleo. Ikinyooka bila kupinga, hiyo ni waya. Ikivunjika kwa mlio, ilichomwa kupita kiasi. Inayofaa hupinda kidogo kisha hurudi. Jaribio hilo huchukua nusu dakika na hakuna picha inayoweza kulifanya badala ya mkono.

Kuna jambo la kutu pia. Ndoano nyingi zinazotangazwa kwa bei ya juu zimepakwa madini ya kuzilinda na maji ya chumvi, kwa sababu soko kubwa la dunia ni la wavuvi wa bahari. Ziwa letu ni maji baridi. Mvuvi wa migonzo (kamba ndefu zenye ndoano nyingi) wa Nansio anayelipia kinga ya chumvi analipia adui ambaye hatakutana naye, ilhali ndoano ya kawaida ya rangi ya shaba, ikikaushwa vizuri baada ya kazi, inamtosha.

Kipimo cha wavu ndicho kilichowatia hasara watu wengi zaidi ninaowafahamu. Kwetu jicho la wavu hupimwa likiwa limevutwa, kutoka fundo moja hadi fundo lililo mkabala nalo. Wapo wauzaji wa nje wanaopima upande mmoja tu wa jicho, kutoka fundo hadi fundo la jirani, na kipimo hicho ni nusu ya chetu. Kwa hiyo anayeandika inchi 3 na nusu huenda ana wavu uleule ambao sisi tunauita inchi 7, na anayeagiza inchi 7 kutoka kwake bila kuuliza ataletewa wavu ambao sangara mzuri atapita katikati yake kama mtu anayepita mlangoni. Kosa likiwa upande wa pili, matokeo yake ni mabaya zaidi, kwa kuwa wavu wenye jicho dogo hukusanya sangara ambao hawajafika sentimita 50, na hao hakuna mvuvi anayepaswa kuwaleta nchi kavu.

Nikifika hapa wasomaji wengine watasema kwamba ninalipamba duka kupita kiasi. Nina malalamiko yangu juu ya maduka, na ninayasema nikiwa mteja wa miaka mingi. Bei hazibandikwi. Mvuvi aliyetoka kisiwani na mtumbwi wake ukimsubiri hutajiwa bei moja, na mwenyeji aliyezoeleka hutajiwa nyingine. Wapo wanaoficha timba nyuma ya magunia ya kamba na kumtolea anayejua kuuliza, na hao ni wabaya kuliko ukurasa wowote wa mtandaoni, kwa maana wanajua vizuri wanachofanya na wanayanywa maji ya ziwa hilohilo. Kijana anayetaka fimbo yenye rili ya kuvulia kwa starehe atazunguka mjini mchana kutwa, kwa kuwa biashara yetu imejengwa juu ya nyavu, migonzo na dagaa, na wauzaji wengi humwona mvuvi wa fimbo kuwa mtu anayepoteza muda wao. Mimi mwenyewe rili yangu nilinunua mtandaoni, nikaridhika nayo, na nitanunua nyingine hukohuko ikiharibika.

Kuhusu daftari la mkopo moyo wangu umegawanyika. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza na kupumzika wakati wa mbalamwezi, kwa sababu taa zao hazivuti dagaa mwezi ukiwa unang'aa. Siku za mwisho za mbalamwezi duka hujaa: watu wanataka kamba, maboya, nyuzi za kushonea, taa za sola ambazo zimechukua nafasi ya karabai, na wengi wao hawana fedha mkononi hadi giza liingie na mzigo wa kwanza uuzwe. Mwenye duka huandika majina yao na kuwapa. Hakuna ukurasa wa mtandaoni unaofanya biashara kwa kufuata mwezi wa angani, na bila daftari hilo mitumbwi mingi isingeingia majini. Lakini mwenye deni hachagui. Nimewaona wavuvi wanaoendelea kununua kwa bei ya juu katika duka moja mwaka mzima kwa sababu hawawezi kulihama kabla ya kulipa, na deni lenyewe halishuki. Kwa mtu wa namna hiyo, simu inayomwonyesha bei za Dar es Salaam inampa angalau neno la kumjibu mwenye duka, na hilo si jambo dogo.

Na kuna mambo ambayo mtandao umenifundisha nami nikayapeleka dukani. Nyuzi za kusuka zilipoanza kuonekana hapa mjini, mafundo yetu ya zamani ya nailoni yalikuwa yakiteleza, na watu wakahitimisha kwamba nyuzi hizo ni mbovu. Nililiona fundo la Palomar kwenye video: unakunja uzi mara mbili, unaupitisha kwenye tundu la ndoano, unafunga fundo la kawaida bila kulikaza, unaipitisha ndoano yote ndani ya kitanzi kinachobaki, unalowesha kwa mate na kuvuta. Nikalionyesha dukani. Mzee alilifunga mara tatu, akalijaribu kwa uzito wake, akamwita fundi wa nyavu aliyekuwa ameketi barazani na sindano yake ya kushonea, naye akalifunga. Mwezi uliofuata nilimkuta mvuvi wa Ukara nisiyemfahamu akiwafundisha vijana wake fundo hilohilo gatini, akiliita fundo la Kirumba.

Baraza hilo ndilo sehemu ya duka ambayo sijui itachukuliwa na nini iwapo maduka yatafungwa. Mafundi watatu au wanne hukaa hapo kutwa nzima wakizipachika nyavu kwenye kamba, na kazi yao ina elimu ambayo haiandikwi kwenye kifurushi. Wavu ukinyooshwa wote hauvui, kwa sababu macho hufumba. Sharti upachikwe ukiwa umelegea, kwa kawaida karibu nusu ya urefu wake, ili pisi ya yadi mia moja iwe na yadi hamsini hivi za kamba na macho yafunguke. Anayeagiza mtandaoni huletewa robota, na hakuna anayemwambia kwamba urefu alioulipia si urefu atakaoutandaza. Wakati mikono inakwenda, midomo nayo inakwenda: nani kaibiwa nyavu, mwalo gani umejaa magugu maji, wanunuzi wanatoa bei gani kwa kilo, upepo wa kusi umeanza kuchafua wapi. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania tunaupata kwenye simu, na ninausoma kila ninapotoka. Ila nimewahi kuahirisha safari, simu ikiwa imeonyesha shwari, kwa sababu tu fundi mmoja mzaliwa wa Ukerewe alitazama mawingu upande wa kaskazini na kuacha sindano yake. Saa mbili baadaye mitumbwi iliyokuwa imetoka ilikuwa ikirejea kwa taabu.

Jaketi okozi ndicho kitu pekee ambacho ningemsihi kila mtu asikinunue bila kukishika. Sisi tuliokuwa Mwanza tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipozama karibu na mji, hatuhitaji kuelezwa thamani ya kitu kinachoelea, na mwaka 2018 MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara tulikumbushwa tena. Jaketi zinazouzwa kwa picha mara nyingi ni nyepesi na za kupendeza, na ndani yake mna sponji la godoro, ambalo hunyonya maji na kumvuta mtu chini badala ya kumwinua. Libonyeze kwa vidole, uangalie kama lina maandishi ya kilo linazobeba, kaza mikanda yake yote na uivute kwa nguvu, na ikiwezekana livae ujitupe nalo kwenye maji ya kiunoni kabla ya kulitegemea kwenye maji ya mita arobaini. Mwenye duka anayekataa ulijaribu, mwache na jaketi lake.

Mwaka huu mtoto wa mzee ameanza kuweka picha za bidhaa kwenye WhatsApp, na kwa mara ya kwanza mteja aliyeko Kome anaweza kuona kilichopo kabla hajavuka. Mzee hakupendezwa mwanzoni. Alikubali kwa sharti moja, kwamba chini ya kila picha ya wavu yaandikwe mambo matano: uzi ni wa kusokotwa, plai ngapi, macho mangapi kwenda chini, yadi ngapi kabla ya kupachikwa, na inchi ngapi jicho likiwa limevutwa. Kijana aliniomba nimsaidie kuyaandika kwa usahihi, na jioni mbili tulikaa barazani, yeye akishika rula, fundi akivuta jicho, mimi nikiandika. Nyavu zote tumezimaliza. Zimebaki ndoano, ambazo mzee anataka kila moja ipigwe picha ikiwa juu ya kipande kimoja cha karatasi ya hesabu yenye miraba, ili mtu aliye kisiwani aweze kuhesabu ukubwa wake bila kuitegemea namba iliyoandikwa kwenye boksi.